Mkono Usiohisi: Umeme Tuli na Utunzaji wa Vifaa vya Mtandao





Mhadhara huu una kusudi moja. Unakusudia kueleza jinsi vifaa vya mtandao, yaani ruta, swichi, kadi zake na moduli zinazochomekwa ndani yake, vinavyojeruhiwa na mikono ya watu wale wale wanaovitunza, bila mikono hiyo kuhisi lolote, na kuonyesha kwamba kinga yake huanzia ardhini, kwenye waya ambao mafundi huuita ethi, kabla ya kufika kwenye kifundo cha mkono wa fundi. Mpangilio huo umechaguliwa kwa makusudi, kwa kuwa katika ofisi nyingi vifaa vya kinga hununuliwa na kuvaliwa ilhali hakuna aliyewahi kupima kama ardhi inayotegemewa na vifaa hivyo ipo.

1. Umeme tuli ni nini

Umeme tuli ni chaji iliyokusanyika juu ya kitu na kukaa papo hapo kwa kukosa njia ya kupita, tofauti na umeme wa waya, ambao hutiririka mfululizo kutoka kwenye chanzo hadi kwa mtumiaji. Hutokea vitu viwili vinapogusana na kuachana, kwa sababu katika mgusano huo elektroni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji hasi, huhama kutoka kitu kimoja kwenda kingine, kimoja kikabaki na ziada na kingine na upungufu. Kusugua hakufanyi jambo jipya ila huzidisha idadi ya migusano. Vitu viitwavyo vihami, kama plastiki, nailoni na mpira, havipitishi umeme na kwa hiyo huishika chaji yao kwa muda mrefu, na vipitishi, kama shaba na mwili wa binadamu, huiachia mara tu vipatapo njia, na huiachia yote kwa mkupuo.

Jambo hili si geni katika lugha ya pwani. Kaharabu, ile gundi ya miti ya kale iliyogeuka kuwa jiwe la rangi ya asali na kutungwa kuwa tasbihi, ikisuguliwa kwenye kitambaa cha sufu huvuta vipande vya karatasi na makapi, na jina lake linalisema hilo waziwazi, kwa maana lilitoka Kiajemi, katika maneno mawili yenye maana ya mnyang'anyi wa majani makavu, likapita katika Kiarabu, ambacho hadi leo huuita umeme wote, hata ule wa taa na jokofu, kwa jina linalotokana na kaharabu. Wagiriki nao walikuwa na neno lao la kaharabu, na ndilo lililozaa jina la elektroni. Mswahili anayeivuta tasbihi yake kwa vidole, kwa namna fulani, ameshika kitabu cha kwanza cha somo hili.

Nje ya maktaba, mfano ulio wazi zaidi upo kwenye vituo vya mafuta. Lori la mafuta linapofika kushusha mzigo, dereva makini hafungui bomba kabla ya kubana waya wa ethi kwenye tangi, kwa sababu mafuta yanayotiririka ndani ya bomba huzalisha chaji, na mruko mmoja wa chaji, yaani cheche inayoruka pale penye tofauti kubwa ya volti, unatosha kuwasha mvuke wa petroli. Hakuna anayemcheka dereva huyo. Fundi wa mtandao anayefanya jambo hilo hilo mbele ya swichi huonekana kama mtu mwenye madoido, na tofauti iliyopo ni kwamba petroli hulipuka mbele ya mashahidi, ilhali chipu hufa kimya.

2. Mkono hauhisi kile kinachoua

Hoja hii ndiyo kiini cha mhadhara. Mwili wa binadamu huanza kuhisi mruko wa chaji unapofikia takriban volti 3,000. Chini ya hapo mtu hugusa, chaji ikahama, na yeye asijue kwamba pamehama kitu. Baadhi ya chipu, kwa upande wao, huweza kudhurika kwa volti zisizofika 100. Kati ya namba hizo mbili pana uwanja mpana ambamo fundi anaweza kuua au kujeruhi kifaa mchana kutwa na kurudi nyumbani akiamini kwamba siku imekwenda vizuri.

Volti zenyewe hazina shida kupatikana. Majedwali yanayotumika sana katika mafunzo ya fani hii huonyesha kwamba mtu anayetembea juu ya zulia katika hewa kavu, yenye unyevuanga wa asilimia 10 hadi 25, yaani kiasi cha mvuke wa maji ukilinganishwa na ule ambao hewa ya joto hilo ingeweza kuubeba, anaweza kujikusanyia hadi volti 35,000, na mtu huyo huyo katika unyevuanga wa asilimia 65 hadi 90 akakusanya 1,500. Kwenye sakafu ya vinaili ni 12,000 kwa 250. Na kuinua mfuko wa plastiki kutoka mezani, kitendo ambacho hakuna anayekihesabu kuwa kazi, ni 20,000 kwa 1,200.

Msikilizaji anaweza kuuliza kwa nini volti elfu tatu za zulia zisimuue mtu ilhali volti 240 za ukutani humuua. Jibu ni kwamba hatari ya umeme kwa mwili inategemea wingi wa mkondo na muda unaodumu, na chaji ya mwilini ni haba na hukauka upesi mno. Wahandisi huufananisha mwili na kapasita, yaani ghala dogo la chaji, lenye ukubwa wa pikofaradi 100, linalojimwaga kupitia ukinzani wa omu 1,500. Kwa volti 3,000 ghala hilo hutoa mkondo wa ampea 2 kwa kilele chake, lakini nishati yake yote haifiki nusu ya sehemu moja ya elfu ya jouli, na sehemu kubwa huisha kabla ya sehemu moja ya milioni ya sekunde kutimia. Kwa ngozi hicho ni kichomo cha sindano. Kwa transista, yaani swichi ndogo isiyoonekana kwa macho ambayo mamilioni yake hujazwa katika chipu moja, mambo ni mengine kabisa, kwa kuwa utando wa kihami ulio ndani yake una unene wa nanometa chache, unywele mmoja ukiwa na makumi ya maelfu ya nanometa, na utando wa namna hiyo hupasuka kwa volti ipatayo moja kwa kila nanometa. Watengenezaji huweka saketi za kinga kwenye miguu ya chipu, na bila hizo kazi ya ufundi isingewezekana, ila kinga hizo zina kiwango chake na hazikukusudiwa kuwa ruhusa ya uzembe.

Kuna mauaji na kuna majeraha. Kadi iliyouawa haiwaki, na hiyo ina nafuu, kwa sababu hurudishwa dukani siku hiyo hiyo. Kadi iliyojeruhiwa huwaka, hufaulu majaribio yote, hufungwa ndani ya kabati na kusainiwa kuwa nzima, kumbe utando wake umetobolewa nusu, mfano wa fremu ya mlango iliyoliwa na mchwa ambayo rangi yake bado inang'aa. Baada ya miezi kadhaa mlango mmoja wa swichi, yaani tundu la kuchomekea waya, huanza kupoteza data, kisha ruta hujizima na kujiwasha usiku, na anayeitwa kutafuta kosa si yule aliyeigusa kadi.

Kwa sababu hiyo, fundi asemaye kwamba amefanya kazi miaka ishirini kwa mikono mitupu na hajawahi kuunguza kitu, husema kweli kwa kadiri alivyoona, lakini ushahidi wake hausimami, kwa kuwa alichokihitaji ili kujua hakukiona: hakuwepo kifaa kilipokufa, na kilipokufa kiliandikwa kuwa kibovu cha kiwandani au kimeponzwa na umeme kukatikakatika. Haki nayo itendeke kwa upande wa pili. Si kila kifaa kinachokufa kimeuawa na chaji ya mkononi. Joto, vumbi na umeme unaopanda na kushuka vina orodha yao ndefu, na bila chipu kufunguliwa na kutazamwa kwa hadubini katika maabara, anayetaja sababu kwa uhakika anabahatisha.

3. Hewa, viyoyozi na mavazi

Wakazi wa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam hujipa moyo kwamba hewa yao ni nzito kwa unyevu, na kwa kiasi fulani wana haki, maana unyevu hujenga utando mwembamba juu ya vitu na kuipa chaji njia ya kutorokea. Faraja hiyo hukoma kwenye mlango wa chumba cha mitambo. Yale maji yanayodondoka mchana kutwa kwenye mpira wa kiyoyozi nje ya ukuta ni unyevu uliotolewa chumbani, na hewa iliyonyang'anywa unyevu huo hupita tena katikati ya mitambo, ikapashwa moto nayo na kuzidi kuwa kavu. Hivyo chumba cha mitambo kilicho pwani huweza kufanana na Dodoma ya mwezi wa Agosti. Wale wa nyanda za juu, kama Nairobi, Arusha au Njombe, huongeza juu ya ukavu sweta za sufu na majaketi ya nailoni katika miezi ya baridi, na yeyote aliyewahi kuvua sweta gizani akasikia ikitatarika hahitaji kuelezwa zaidi. Koti la pamba ni bora, ingawa vazi lolote lile lisiguse kadi, kwa kuwa bangili ya ethi, yaani mkanda wa kinga anaouvaa fundi mkononi, humwaga chaji ya mwili na haiimwagi ile ya shati.

4. Ethi kwanza

Mfumo mzima wa kinga umejengwa juu ya wazo moja, kwamba mruko wa chaji hauwezi kutokea kati ya vitu viwili vyenye volti sawa. Mkono, kasha, meza na kadi vikiunganishwa na kushushwa kwenye ardhi moja, hakuna tofauti, na pasipo tofauti hakuna cheche. Ardhi ndiyo inayovikutanisha, nayo hufikiwa kwa mnyororo wenye viungo vingi: kasha la chuma, waya wa tatu wa umeme, pini ndefu ya plagi, tundu la juu la soketi, waya wa ethi uliomo ukutani, na mwishoni fito ya shaba iliyozikwa udongoni. Kiungo kimoja kikikatika, vilivyobaki ni mapambo.

Kiungo kinachokatika mara nyingi kinajulikana na kila mtu ukumbini humu. Soketi za Tanzania, Kenya na Uganda zina matundu matatu, na vifuniko vya matundu mawili ya chini havifunguki mpaka pini ndefu ya ethi iingie tundu la juu; kwa hiyo mwenye plagi ya pini mbili huchukua kijiti, au kifuniko cha kalamu, akalisukuma tundu la juu, vifuniko vikafunguka, chaja ikaingia, na maisha yakaendelea. Kwa chaja ndogo ya simu, iliyoundwa kutumika bila ethi, hatari iko zaidi kwa aliyeshika kijiti. Balaa huja pale adapta ya pini mbili inapotumiwa kuchomeka swichi au seva, kwa kuwa kifaa hicho kimeundwa kikitegemea waya wa tatu.

Kinachotokea hapo kinastahili kuelezwa polepole. Ndani ya kifaa chenye kasha la chuma mna kapasita ndogo zinazounganisha nyaya zote mbili za umeme na kasha, kazi yake ikiwa kuchuja kelele za umeme na kuzimwaga ardhini. Waya wa ethi usipokuwepo, kelele hizo hazina pa kwenda, na kasha lenyewe huning'inia kwenye takriban nusu ya volti za umeme wa ukutani, yaani kama 115 au 120. Mkondo wake ni mdogo na kwa kawaida haumwangushi mtu, ila humtekenya, ndipo watumiaji husema kwamba kompyuta inapiga shoti, na dawa yao mashuhuri ni kuvaa ndala. Ndala humwokoa mtumiaji. Hazimwokoi fundi anayekuja na kompyuta yake iliyo katika hali hiyo, akachomeka waya wa konsoli, yaani ule wa kuiamuru ruta kutoka kwenye kompyuta, kwenye ruta iliyo na ethi nzuri, kwa maana nukta ile ya kuchomeka volti za kasha hutafuta ardhi kupitia pini za mawasiliano, na mlango wa konsoli huondoka nazo. Katika tukio kama hilo bangili ya fundi haina la kufanya.

Kuwapo kwa tundu la tatu ukutani si ushahidi kwamba nyuma yake kuna waya, na kuwapo kwa waya si ushahidi kwamba fito iliyo mwisho wake inagusana vyema na udongo. Udongo mkavu ni kipitishi dhaifu, na ndiyo sababu mafundi wa zamani walizoea kuizungushia fito mkaa na chumvi, desturi yenye mantiki kwa kuwa chumvi na unyevu uliotunzwa na mkaa hushusha ukinzani, ila chumvi huoshwa na mvua na hula chuma, hivyo shimo la namna hiyo huhitaji kupimwa tena na tena. Vituo vya mawasiliano kwa kawaida hulenga omu 5 au pungufu. Kipimo kilichochukuliwa wakati wa masika husema uongo wa kupendeza. Anayetaka kuujua ukweli wa fito yake aipime kiangazi, wakati nyasi zimekauka.

Ndani ya kabati la vifaa napo rangi ni kihami, kwa hiyo kubana swichi kwa skrubu juu ya chuma kilichopakwa rangi si kuiunganisha na ethi, na sehemu ya mgusano lazima ikwanguliwe hadi chuma kionekane au itumie waya wake maalumu. Kuhusu radi, ambayo katika Kivu na kandokando ya Ziwa Viktoria hupiga kwa wingi kuliko karibu sehemu nyingine zote za dunia, itoshe kusema kwamba fito, vizuia radi na akili ya kuacha nyaya za nje wakati wa ngurumo ndiyo kinga yake. Hiyo ni mada ya jioni nyingine.

5. Kazi ya mkono wenyewe

Ethi ikishathibitishwa, ndipo bangili ya ethi inapokuwa na maana. Bangili hiyo ni mkanda unaopitisha umeme, unaovaliwa ukigusa ngozi na si juu ya mkono wa shati, nao una waya mrefu unaobanwa kwenye tundu maalumu la kasha au kwenye chuma kisicho na rangi. Ndani yake mna ukinzani wa omu milioni moja, na wapo wanaodhani kwamba hiyo ni kasoro. Kumbe ndiyo roho ya fundi, kwa sababu akigusa kwa bahati mbaya waya wa volti 240, mkondo utakaopita kwenye bangili hautazidi robo ya sehemu moja ya elfu ya ampea, kiasi ambacho watu wengi hawakihisi, na papo hapo chaji ya mwilini hushuka taratibu bila cheche. Waya wa bangili hukatika ndani bila nje kuonekana, hivyo upimwe kila siku ya kazi. Viwango vya kimataifa vinataka ukinzani wote, kutoka kwa mvaaji hadi ardhini, usizidi omu milioni 35. Bangili haivaliwi kamwe na anayefungua mashine ya umeme mkubwa au anayeshughulika na betri za kituo, ambaye hutakiwa pia kuvua pete na saa, kwa kuwa betri za volti 48 hazishtui sana ngozi kavu lakini huweza kuyeyusha pete kidoleni.

Mifuko huchanganya wengi. Ule wa waridi umetengenezwa ili usizalishe chaji nyingi, na hapo kazi yake imekwisha; ule wa rangi ya fedha una utando wa chuma unaoizuia chaji ya nje isikifikie kilichomo ndani, kwa kanuni ambayo Michael Faraday aliionyesha mwaka 1836 kwa chumba kilichofunikwa chuma. Kinga hiyo ipo ndani ya mfuko uliofungwa, na kadi iliyolazwa juu ya mfuko haina kinga yoyote. Katazo la mifuko ya plastiki, lililoanza Rwanda mwaka 2008, Kenya 2017 na Tanzania 2019, lilikusudiwa kwa ajili ya mitaro na mifugo, ila pasipo kukusudia liliiondoa rambo, yaani mfuko huo wa plastiki, kwenye meza za mafundi. Maboksi ya sponji nyeupe na plastiki ya mapovu bado yapo, na sehemu yake ni nje ya chumba cha kazi.

Nyaya za mtandao nazo hubeba chaji. Waya mpya uliovutwa mita nyingi ndani ya paipu ya plastiki umesuguliwa kama kaharabu, na kadiri kihami chake kilivyo bora ndivyo unavyoitunza chaji hiyo kwa muda mrefu zaidi. Ukichomekwa moja kwa moja kwenye swichi, hujimwaga ndani ya mlango. Kabla ya hapo ncha zake na ziunganishwe kwanza na plagi iliyoshushwa kwenye ethi. Nyuzi za kioo hazina tatizo hilo, ila moduli inayozipokea inalo, na ishikwe kwa kasha lake na si kwa meno yake ya dhahabu. Jicho nalo lisichungulie ncha ya uzi, kwa maana mwanga wa nanometa 1,310 au 1,550 hauonekani hata unapowaka.

Mheshimiwa Mwenyekiti, mikongo ya baharini iliyotua Mombasa na Dar es Salaam kuanzia mwaka 2009 iliuleta mtandao kwenye miji, na sasa swichi zinafungwa katika zahanati, shule na ofisi za kata ambako umeme ni wa jua, inveta imetundikwa ukutani, na aliyeifunga alimaliza kazi bila kuzika fito yoyote. Vituo hivyo vitahudumiwa na vijana walioketi safu za nyuma za ukumbi huu. Vyuo vinavyowafundisha vinaweza kuanza na badiliko dogo lisilo na gharama kubwa, nalo ni kumtaka mwanafunzi apime ethi ya soketi na kuandika namba aliyoiona kabla ya kuruhusiwa kufungua kifuniko cha kifaa, na ofisi zinazotoa zabuni zinaweza kutaka namba hiyo hiyo, iliyopimwa kiangazi, iwe miongoni mwa karatasi za makabidhiano. 

Kwenye meza iliyo kando ya jukwaa kimewekwa kipima-bangili, pamoja na mifuko miwili, wa waridi na wa fedha. Wakati wa maswali, kila mwenye bangili mfukoni anakaribishwa aje aipime.